Mbwa wangu hataki kutoka majini: nimlindeje?

Swali: Daktari, habari za kazi? Nina mbwa wawili, Labrador dume wa miaka 3 na bulldog jike wa miaka 5. Siku za mapumziko huwa tunakwenda bwawani, na mara nyingine mtoni. Yule dume akiingia majini hatoki. Namrushia mpira hata saa nzima. Wiki iliyopita jioni alitapika maji matupu, mengi, na asubuhi mkia ulikuwa umelegea kabisa, hauinuki. Jirani ananiambia nisihangaike, mbwa wote wanazaliwa wanajua kuogelea, na hata huyo jike nimtupe tu majini atajua mwenyewe. Ni kweli? Nimfunge kamba? Na akizidiwa, niingie kumtoa?

Jibu: Dada yangu, nianze na mkia, maana najua ndio uliokutia hofu. Labrador akiogelea kuliko alivyozoea, hasa kwenye maji ya baridi, misuli ya shina la mkia huumia. Mkia ndio usukani wake. Saa nzima anageukia nao na kujisawazishia nao. Kesho yake utaona sentimita chache za mwanzo zimesimama kama kawaida, halafu sehemu iliyobaki inaning'inia kama kamba iliyolowa. Ukimgusa hapo juu anageuka kukutazama, na akitaka kukaa anakaa kwa ubavu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha uchunguzi kuhusu tatizo hili kwa mbwa wa Labrador, na kuogelea kulikuwa miongoni mwa mambo waliyoyakuta yakiambatana nalo. Mpumzishe, asiruke wala asirudi majini. Wengi hupona ndani ya siku chache, wengine hufikisha wiki. Dawa ya maumivu aandikiwe na daktari wa wanyama. Usimpe ibuprofeni unayotumia wewe, kwa mbwa inachoma tumbo na kuharibu figo. Wiki ikipita mkia haujainuka, au ukiona miguu ya nyuma nayo inalegea, mpeleke akapimwe.

Mimi kilichonishtua zaidi katika maelezo yako ni yale maji aliyotapika. Mbwa anayefukuza mpira majini anaogelea mdomo wazi. Akiudaka, taya hazifungi, na kila anapopiga miguu funda jingine linapita pembeni ya mpira na kushuka kooni. Tumbo likijaa, maji yanaingia kwenye damu na kuizimua, sodiamu, ile chumvi ya damuni, inashuka, na seli za ubongo zinaanza kuvimba. Tunaita kulewa maji, na kweli dalili zake zinafanana na za mlevi: anapepesuka, macho yanakodoa na mboni zimetanuka, udenda unamtoka, tumbo limejaa, fizi zimepauka. Baadaye huja degedege, kisha kupoteza fahamu. Mbwa mdogo wa mwili hufika huko haraka zaidi, lakini hata Labrador mwenye afya huweza kuanguka ndani ya saa chache tangu atoke majini. Wako alitapika na akapona. Siku nyingine, akitapika na kupepesuka, usisubiri kupambazuke. Hospitali watapima sodiamu na kuipandisha polepole kwa dripu, kwa sababu kuipandisha haraka nako kunaumiza ubongo.

Kwa hiyo mpira uwekwe kando. Mtafutie kitu chembamba na bapa kinachoelea, ambacho anaweza kukibana kwa meno ya mbele huku mdomo umefungika. Vijiti navyo achana navyo. Nimeshatoa vibanzi vya kutosha kwenye koo za mbwa. Na baada ya dakika 10 au 15 mtoe, mfunge, akae nchi kavu akojoe na kupumua vizuri. Atalia, atakuvuta, atakutazama kwa macho ya kuonea huruma. Mbwa wa aina yake hana kipimo cha kuchoka mwenyewe, kipimo ni wewe.

Sasa hilo la jirani. Ni kweli kwamba ukimshika mbwa juu ya maji, wengi wataanza kupiga miguu hewani. Huko ni kupiga miguu, kuogelea ni kitu kingine. Simama ukingoni umtazame anayejua: mgongo umelala sawasawa na uso wa maji, kichwa kimetulia, miguu ya mbele inafanya kazi chini ya maji na huioni. Asiyejua anasimama wima kama anayepanda ngazi. Miguu ya mbele inatoka nje na kupiga maji kwa kishindo, matako yanazama, na mapovu yote yako usoni kwake. Watu wanacheka wakidhani anacheza. Huyo ana dakika moja au mbili tu.

Bulldog wako ndiye wa kundi hilo. Kichwa kizito, kifua kipana, miguu mifupi, nyuma hana kitu cha kumwinua. Na pua yake fupi inamlazimu aelekeze uso juu ili apumue, jambo linalozamisha matako zaidi. Pug, mbwa mdogo wa pua bapa, yuko hivyo hivyo, na dachshund na basset, wale wa mwili mrefu, wana shida yao ya miguu mifupi. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu: pale ambapo dume wako anatembea, yeye maji yanamfika kidevuni. Tafadhali usimtupe, leo wala kesho. Mbwa aliyetupwa majini mara moja huweza kuyaogopa maisha yake yote, na mwenye hofu huzama haraka kuliko asiyejua. Aingie mwenyewe kwenye maji yanayoishia kifuani pake, amevaa jaketi la kuokolea lenye mshikio mgongoni, nawe uko kando yake na mkono mmoja chini ya tumbo. Akiridhika na kulowesha miguu tu, hayo ndiyo maogeleo yake. Na siku ya joto kali mtazame mara mbili zaidi, kwa sababu mwenye pua fupi anashindwa kupoa hata akiwa amesimama majini.

Hata hivyo, mbwa ninaowaona wamezama, au wamenusurika kwa tundu la sindano, wengi wao walikuwa waogeleaji wazuri. Walichokosa ni mahali pa kutokea. Hili ndilo nataka ulibebe kila unapokwenda majini: kabla hujaangalia ataingilia wapi, tafuta atatokea wapi.

Nilishaona mfereji wa umwagiliaji uliosakafiwa kwa saruji ambamo mbwa aliingia kwa kuruka tu, akifuata bata. Maji yenyewe hayakuwa na kasi. Kuta zilikuwa zimelala kidogo, kiasi kwamba mtu mzima angepanda bila kufikiri, lakini chini ya mstari wa maji kulikuwa na utelezi wa kijani. Alipofika ukutani aliweka miguu ya mbele, akajivuta, akateleza. Akahamia hatua mbili mbele, akajaribu tena. Tulipomtoa kwa kumning'iniza kwenye jaketi, kucha za miguu ya mbele zilikuwa zimesagika hadi zinatoka damu. Jaketi lile ndilo lililomweka juu ya maji kwa muda wote tuliohangaika kumfikia. Nguvu za kuogelea alikuwa nazo. Ukuta ndio uliokuwa unazimaliza.

Bwawa la kuchimbwa lenye kingo zilizokatwa wima ni hivyo hivyo, na lile lililotandikwa plastiki ni baya kuliko yote kwa sababu kucha hazishiki chochote. Ukingo wa tope nao humeza miguu hadi kwenye kiwiko. Unachotaka ni mteremko wa mchanga au changarawe unaoingia majini polepole. Siku ya kwanza mahali papya, mwingize na kumtoa hapo hapo mara tatu au nne kabla hujamruhusu kwenda mbali, ili akichoka akili yake ijue pa kurudi. Mbwa aliyechanganyikiwa huelekea ukingo ulio karibu na macho yake, hata kama ni ukuta.

Mtoni hesabu inabadilika, kwa sababu anapoingilia sipo atakapotokea. Mkondo utamteremsha. Tembea kwanza wewe mwenyewe kuelekea maji yanakokwenda, uone kuna nini. Kama kuna mti ulioanguka ndani ya maji, maji yanapita kati ya matawi lakini mbwa hapiti. Anabanwa pale na mkondo unamkandamiza. Kama kuna banio au ukuta unaokatiza mto, hata mfupi wa kimo cha goti, chini yake maji huporomoka na kugeuka kurudi nyuma yakizunguka, na kinachoingia mle kinazungushwa bila kuachiwa. Kama kuna kalvati, linamvuta. Ukikuta chochote kati ya hivi, hapo si pa kuogelea. Kumbuka pia kwamba kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne, kwa hiyo mto uliomchezea wiki jana unaweza kumshinda leo kwa mvua iliyonyesha mbali ambayo wewe hukuiona. Maji yakiwa yamegeuka rangi ya udongo na yanabeba vijiti na majani, rudini nyumbani.

Kwenye mto au ziwa lenye mamba au viboko sina ushauri wa tahadhari wa kukupa. Asiingie, na asinywe maji ukingoni. Mamba husubiri mahali ambapo wanyama wana mazoea ya kufika.

Umeuliza kamba. Kwenye maji yaliyotulia na yaliyo wazi, ndiyo: kamba ndefu inayoelea, imefungwa kwenye pete ya mgongoni ya jaketi, kamwe isiwe shingoni. Mtoni penye miti na mawe, hapana. Kamba itanasa, na mkondo utamzamisha mbwa aliyefungwa. Minyororo ya shingoni na mikanda inayokaza mvue kabla hajalowa. Jaketi mnunulie hata huyo dume. Chagua rangi kali ya chungwa au ya njano, maana kichwa cha mbwa mweusi au wa kahawia hupotea machoni kwenye mawimbi kidogo tu, na hakikisha ukimnyanyua kwa ule mshikio hachomoki.

Na swali lako la mwisho, kuingia kumtoa. Usiingie, dada yangu. Naandika hili nikijua unavyowapenda. Kila mara tunasikia mtu ameruka kumfuata mbwa, mtu amezama, mbwa ametoka mwenyewe mita kadhaa mbele. RNLI, shirika la uokoaji baharini la Uingereza, linawaambia wenye mbwa hivyo hivyo: usimfuate, sogea mahali anapoweza kutokea kwa usalama, umwite kutoka hapo. Sababu yake utaielewa ukimtazama mbwa majini. Anaogelea kumfuata bwana wake kwa mstari ulionyooka. Ukibaki umesimama pale alipoingilia unapiga kelele, atapambana na mkondo kuja kwako mpaka nguvu ziishe, wakati hatua 30 chini kuna ufukwe wa mchanga. Kwa hiyo kimbia ukingoni ukifuata maji yanakokwenda, umpite, usimame pa kutokea, uchuchumae umwite kwa sauti ile ile ya furaha unayomwitia chakula. Baharini, akivutwa na mkondo unaorudi kilindini, fanya vivyo hivyo: tembea sambamba na ufukwe hadi pale mawimbi yanapovunjikia vizuri, umwite aje kwa upande. Tupa kitu kinachoelea. Omba msaada wa wenye mtumbwi au waokoaji. Amri ya "njoo" ambayo anaitii hata akiwa na kitu mdomoni ifundishwe nyumbani, majini ni kuchelewa.

Tuje kwenye maji yenyewe. Bwawa lililotulia, lenye joto, linalopokea mbolea ya mashambani au kinyesi cha mifugo, ni shamba la sianobakteria, hivi viumbe vidogo ambavyo watu huviita mwani wa kijani-buluu ingawa si mwani kamili. Vikistawi, maji yanakuwa kama rangi ya ukutani iliyomwagika, au kama uji wa kijani, na upepo huyasukuma yote upande mmoja wa ukingo, mara nyingi pale pale mbwa anapoingilia. Vingine hukua chini kwenye mawe na kung'oka vipande vya utando mweusi au wa kahawia vinavyosukumwa ukingoni. Mbwa huvipenda kwa harufu yake na huvila hata vikiwa vimekauka.

Baadhi ya sumu zake hushambulia ini, na mbwa huonekana mgonjwa baada ya saa kadhaa hadi siku: kutapika, kuhara, fizi za njano, kutokwa damu. Nyingine, anatoksini, hushika misuli na kukataa kuiachia; mbwa anatetemeka, anakakamaa, misuli ya kupumua inashindwa, na huweza kufa dakika chache tu baada ya kunywa. Agosti 2019, mjini Wilmington, North Carolina nchini Marekani, mbwa watatu wa nyumba moja walicheza bwawani na wote wakafa ndani ya saa chache. Hakuna dawa ya kuondoa sumu hizi, na kuyachemsha maji hakuzimalizi. Anayeogelea bila kunywa naye hajasalimika, kwa sababu akitoka atajilamba manyoya.

Chukua kijiti kirefu, ukichovye kwenye lile tabaka la kijani ulitilialo shaka, ukiinue polepole. Kikitoka na nyuzi nyuzi zinazoning'inia kama nywele, kwa kawaida ni mwani usio na madhara. Kikitoka kimepakwa rangi kama brashi iliyochovywa kwenye kopo, ondokeni. Kipimo hiki kinakusaidia kukataa bwawa, hakikupi ruhusa ya kuingia. Penye shaka usimwingize. Kama ameshaingia, vaa glavu, msuuze kwa maji safi mengi kabla hajajilamba, na muwahi kwa daktari hata kama bado anaruka ruka.

Leptospira, au homa ya mgunda, ni bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa panya, ng'ombe na nguruwe, na maji yaliyotuama au ya mafuriko huwahifadhi. Huingia kupitia kidonda kidogo, macho au mdomo, na kuharibu figo na ini. Binadamu naye huugua, na mbwa mgonjwa huweza kukuambukiza kwa mkojo wake. Chanjo ipo: dozi mbili zikipishana wiki 2 hadi 4, kisha kila mwaka. Mbwa wa maji asiikose. Nawe unapoingia kumshika, kumbuka kichocho. Penye konokono na maji yaliyotulia, vijidudu vyake hupenya ngozi yako ukiwa umesimama tu.

Baharini mchukulie maji ya kunywa na umpe kila mnapopumzika, maana akinywa ya chumvi ataharisha na kutapika, na akizidisha chumvi nayo hupanda damuni na kumletea degedege. Mizoga ya samaki, yavuyavu waliotupwa ufukweni na ndoana zenye chambo asiviguse. Akimeza ndoana na mshipi unaonekana mdomoni, usiuvute; ukate ubaki kama shubiri moja nje, umpeleke.

Mkirudi, msuuze, mkaushe, hasa chini ya mikanda ya jaketi na ndani ya masikio yaliyolala. Kitambaa laini kinatosha; vijiti vya pamba vinasukuma uchafu ndani. Akitikisa kichwa kwa siku mbili mfululizo, sikio limeanza kuoza. Pitisha vidole kati ya kucha, tazama kupe na ruba. Mbwa anayepiga chafya na kutoka damu tundu moja la pua siku kadhaa baada ya kunywa maji ya mto, mweleze daktari kuhusu mto huo. Ruba huingia puani na kukaa humo.

Ikitokea umemtoa majini hapumui, mwinamishe kichwa chini kidogo maji yaliyo mdomoni yatoke, futa mdomo, vuta ulimi mbele. Usimning'inize miguu juu kumtikisa, wala usimbinye tumbo. Atatapika na matapishi yataingia mapafuni.  Huyo dume mlaze ubavu, umbane pale kifua kilipo kipana zaidi. Bulldog alale chali, umbane katikati ya kifua. Mbano 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa yule aliyelala ubavu, kila mbano ushushe kifua theluthi moja hadi nusu ya upana wake, ukiache kirudi. Baada ya mbano 30, funga mdomo wake kwa kiganja na upulize puani mara mbili mpaka uone kifua kinainuka. Kwa bulldog, funika pua na mdomo pamoja kwa mdomo wako. Pumzi hizo usiziruke, kwa sababu kilichomwangusha ni kukosa hewa. Kama mko wawili, mpokezane kila dakika 2, na mwendelee huku gari linatafutwa.

Akizinduka, mfunike kwa kitu kikavu na mwende hospitali moja kwa moja, hata kama amesimama na kukuramba mkono. Maji yaliyoingia mapafuni huyavimbisha taratibu, na kupumua huweza kuharibika saa nyingi baadaye, hata kesho yake. Waombe wamlaze chini ya uangalizi usiku huo. Ikishindikana kabisa, lala chumba kimoja naye na hesabu pumzi zake akiwa amelala: zikizidi 30 kwa dakika, au fizi zikiingia rangi ya kijivu au buluu, ondokeni usiku huo huo.